Mkono Usiofika Sikioni

Sisi tuliopimwa umri kwa sikio tunajuana hata kwa mbali. Ukimwona mtu mzima hapa Eldoret, amevaa suti yake, amepanga foleni benki, halafu ghafla anapitisha mkono wa kulia juu ya kichwa kujikuna sikio la kushoto, huyo ni wa rika letu. Mkono wake unakumbuka.

Enzi zetu tarehe ya kuzaliwa haikukaa kwenye karatasi, ilikaa mwilini. Januari ikifika, mama anakushika mkono mpaka shuleni, mnapanga foleni, mwalimu anakuambia upitishe mkono juu ya kichwa. Vidole vikigusa sikio la upande wa pili, umeiva, ingia darasa la kwanza. Visipogusa, rudi nyumbani ukacheze na matope mwaka mmoja zaidi. Hakukuwa na rufaa. Mimi nilipimwa mara mbili. Siku ya kwanza vidole vilikwama kwenye nywele. Mama hakubishana, na mtu aliyemjua angeogopa hapo hapo. Alinirudisha nyumbani, mtaa wetu wa West Indies, akaninyoa kipara, akanikanda mkono kwa mafuta ya kupikia jioni nzima, kesho yake tukarudi. "Inamisha kichwa kidogo," alininong'oneza. "Kidogo tu, kama unasikiliza siafu." Nikagusa. Nikaingia.

Kama nilikuwa na miaka sita ama mitano, hadi leo sijui. Nilizaliwa nyumbani, upande wa Webuye, kabla wazazi hawajahamia huku kutafuta kazi ya kiwanda, na jina langu, Nekesa, ni la msimu wa mavuno. Mavuno huja kila mwaka. Nimemuuliza mama mara nyingi ni mavuno gani. Yeye husema, "Yale mazuri."

Sasa kuna jambo moja la wakati ule ambalo limenisumbua wiki hii yote, tangu shule zifungwe. Nimejaribu kuliandika mara mbili nikaishia kuosha vyombo visivyo vichafu. Wacha nilimalize.

Kuogelea kwetu kulikuwa kwa likizo ya Agosti. Sijui ni nani aliamua. Anayeijua Eldoret anaijua Agosti: jua la saa nne la kukudanganya uvue sweta, mvua ya saa nane ambayo haijawahi kukosa kazi hata siku moja, na baridi ambayo ni watu wa Timboroa peke yao wanaweza kuicheka. Lakini ndio wakati watoto wako nyumbani wakisumbua, kwa hivyo kiwanda walichofanyia kazi wazazi wetu kilitufungulia bwawa la klabu yake kwa wiki tatu. Maji yalikuwa na rangi ya mboga ya sukuma wiki iliyochemka. Ukiingia, pumzi inatoka na hairudi mpaka uiite. Watoto wa siku hizi wanauliza kwanza kama maji yamepashwa moto. Sisi tuliuliza tu kama chura ametoka.

Mkufunzi wetu alikuwa Mwalimu Barasa, yule yule aliyetufundisha shuleni. Katika miaka yote sikumwona amelowa, isipokuwa kwa mvua. Alifundisha akiwa nchi kavu, amelalia benchi kwa tumbo, suruali na viatu vya ngozi, akirusha miguu kama chura aliyevaa nadhifu. "Hivi! Mnaona? Hivi!" Tuliona. Tuliingia majini tukafanya kila mtu vyake.

Mavazi ndiyo usiseme. Mama alikuwa na mashine ya kufuma masweta ya shule, na kwa mtu mwenye mashine ya kufuma, kila kitu duniani ni sweta ambalo halijafumwa. Nguo yangu ya kuogelea ilikuwa ya uzi wa kijani uliobaki kwenye oda ya shule fulani. Ikiwa kavu ilinikaa vizuri sana. Ikiingia majini ilikunywa kama ng'ombe, ikashuka mpaka magotini, na nikitoka ilinibidi niishike kwa mikono miwili nikingoja watu wawili wakubwa waje kuikamua. Rafiki yangu Chebet, wa mlango wa pili, alivaa kaptura ya kaka yake iliyofungwa kwa kamba ya katani. Ilikuwa nyepesi. Nilimwonea wivu.

Chebet alikuwa bado nasari. Miguu kama njiti za kiberiti, meno yote ya kwanza bado yako kinywani. Najua kwa sababu niliyahesabu. Lakini akiingia majini ungedhani kuna mtu anamvuta kwa kamba kutoka upande ule mwingine. Baada ya mazoezi tulikaa sisi wawili kwenye saruji, tumejifunika taulo moja, tukitetemeka na kula mahindi ya kuchemsha, yale mabichi ya Agosti ya Uasin Gishu ambayo ukiuma yanakurushia maziwa usoni. Chai ilitoka kwenye thamosi ya mama yangu leo, ya mama yake kesho.

Mama zetu walishiriki ukuta mmoja na mfereji mmoja, na sijawahi kusikia wamegombana. Walishindana tu. Nguo za nani zimetangulia kwenye kamba. Chapati za nani zimekuwa laini Krismasi. Mtoto wa nani amelia kidogo kwa sindano. Kwa hivyo kuogelea kulipokuja, kulipata njia iliyokanyagwa tayari.

"Chebet wangu jana amevuka bila kupumua," Mama Chebet alisema asubuhi moja mferejini, ndoo yake ikijaa. "Hiyo ni mursik, maziwa yetu ya kibuyu. Nyinyi endeleeni na chai ya rangi."

"Mama Chebet, mbio tumewaachia nyinyi Wakalenjin," mama akajibu. "Dunia nzima imewaachia. Sasa hata maji mnataka?"

"Maji hayana mwenyewe, dada."

"Basi tutaona."

Mama aliondoka na ndoo ikiwa nusu. Mtu aliyezoea kukung'uta hata tone la mwisho! Hapo ndipo nilipaswa kujua.

Siku hiyo hiyo Mwalimu Barasa alibandika karatasi mlangoni mwa klabu. Jumamosi ya mwisho ya likizo tungeenda Soy kushindana na watoto wa huko. Lori la kiwanda lingebeba waogeleaji kumi na wawili. Nilihesabu mistari, nikaihesabu tena. Kumi na moja ya wakubwa, mmoja wa wadogo. Na wadogo, kwa kanuni ya Mwalimu Barasa, ambayo aliitoa shuleni akaileta bwawani bila kuibadilisha hata nukta, walikuwa wale ambao mkono haujafika sikioni.

Mimi kwa haki nilikuwa wa wakubwa. Nilikuwa darasa la pili. Na kati ya wakubwa nilikuwa wa kuhesabiwa kuanzia nyuma, kwa hivyo Soy ningeisikia tu kwa masimulizi. Nafasi ile ya wadogo ilikuwa ya Chebet, kila mtu alijua, na Chebet aliitaka kuliko chakula. Kogo, yaani nyanya yake, aliishi Soy. Kogo hakuwa amewahi kuona mtoto akiogelea na alikuwa amekataa kabisa kuamini kwamba wa kwao anaweza. Chebet alikuwa amemtuma mjomba na ujumbe: Jumamosi njoo usimame kwenye ua wa bwawa, utaniona mimi mwenyewe.

Upimaji ulikuwa Alhamisi. Nimeona maajabu maishani, lakini sijaona kama siku hiyo. Mikono ya watoto wote wa West Indies ilikuwa imefupika kwa usiku mmoja. Vijana wa darasa la tatu, watu waliokuwa wakinichukulia mpira wangu kwa nguvu, walipitisha mkono juu ya kichwa na vidole vikafia utosini. Nyuma yao mama zao, wale wale ambao kila Januari walivuta mikono hiyo hiyo nusura itoke begani, walisimama wakitazama mawingu.

Chebet alipimwa kabla yangu. Yeye peke yake alijinyoosha kweli kweli, ulimi nje, kwa sababu kichwani mwake kufika lilikuwa jambo zuri; alitaka kuanza darasa la kwanza. Vidole vitatu vilibaki kati yake na sikio. "Mdogo," Mwalimu akaandika.

Kisha mimi. Mama alikuwa amenifundisha tangu Jumatatu: bega chini, kidevu upande ule, vidole vikunje ndani kidogo kama umeshika mbegu. Vikasimama karibu na sikio, umbali wa njugu moja.

Mwalimu Barasa aliteremsha miwani. "Huyu si mimi mwenyewe nilimpima mwaka jana? Na si alifika?"

"Alifika," mama akakubali, bila aibu hata kidogo. "Lakini mwalimu, tangu umfundishe, kichwa kimekua."

Uwanja mzima uliangua kicheko. Hata Mwalimu alitabasamu, maana ni nani anayekataa sifa? Mama Chebet hakucheka. "Mama Nekesa! Huyo ameng'oa meno manne!"

"Ni miwa," mama akasema.

Kicheko tena. Lakini Mwalimu Barasa aliinama akaniuliza mimi, polepole, kama tuko wawili tu. "Nekesa. Mkono unafika ama haufiki?"

Mama alikuwa nyuma yangu. Chebet alikuwa mbele yangu, anajifunga kamba ya kaptura, ananitabasamia, kwa sababu alifikiri tutakuwa timu moja.

"Haufiki, mwalimu."

Siku iliyofuata tulishindana. Wadogo waliogelea upana wa bwawa tu, upande wa maji mafupi, na siku hiyo "wadogo" tulikuwa tisa, wanne kati yetu wakiwa na makwapa yanayonuka. Firimbi ikalia. Chebet akatoka kama kawaida yake. Mimi sweta likaanza kunywa. Mama alikuwa anakimbia kandokando ya bwawa, leso imefunguka, akipiga kelele, "Piga! Piga maji! Hayajui kulia!" Upande wa pili Mama Chebet anajibu kwa Kikalenjin, na kati yao Mwalimu Barasa anaomba watu wasianguke majini kwa sababu hakuna wa kuwatoa. Nilihesabu mikono niliyorusha: kumi na tisa. Mtoto wa nasari, hata awe samaki, ana mikono mifupi. Katikati nilimfikia. Karibu na ukuta nilinyoosha ule mkono uliokosa sikio, nikagusa mbele yake kwa urefu wa kiganja.

Mama alinibeba na sweta langu na maji yake yote. Nilipoteremshwa, Chebet alikuwa amesimama kwenye saruji, midomo ya zambarau. Hakulia. Alisema, "Ukimwona Kogo, mwambie nitakuja Krismasi." Kisha akakumbuka kitu. "Yeye huvaa gambuti."

Jumamosi nilipanda lori. Watoto wengine waliimba njia nzima. Mimi nilihesabu nguzo za stima.

Soy kwenyewe, nikwambie ukweli, tulikuta watu wametuzidi ujanja. Mmoja wa "wadogo" wao alikuwa na chunusi. Mwingine aliongea na sauti imeshaanza kuvunjika. Wazazi wa West Indies waliotufuata walitaka kulalamika, wakatazamana, wakakaa tena. Nilikuwa wa tano kati ya sita, na wa sita alikuwa ametoka majini katikati kutafuta kaptura yake.

Lakini kabla ya hapo, kwenye ua wa waya, nilimwona mama mzee mwenye gambuti za mpira na kapu. Alikuwa akiwatazama watoto usoni mmoja mmoja, vile mtu hutafuta mbuzi wake sokoni. Nilipita mbali. Nikarudi. Nikapita tena.

"Wewe mtoto," akaita. "Umetoka Eldoret? Chebet iko wapi?"

"Hakuja, Kogo."

"Ni mgonjwa?"

"Si mgonjwa."

"Sasa?"

"Ni mimi nilimshinda."

Alinitazama kutoka kichwani mpaka magotini, ambako sweta, lililokwisha kulowa kwa mazoezi, lilikuwa tayari linakaribia. "Wewe ni wa darasa gani?"

"La pili."

"Chebet ni wa nasari," alisema, kama mtu anayejikumbusha tu. "Na ulimshinda kabisa?"

"Kabisa, Kogo."

Akaitikia kwa kichwa, mara moja. Alibaki pale mpaka nikaogelea. Sijui kama hatimaye aliamini kwamba watoto wanaogelea. Nilipotoka alinipitishia juu ya waya mfuko wa mahindi ya kuchemsha, bado ya vuguvugu. "Mpelekee."

Nilihesabu kwenye lori: sita. Nikahesabu tena: sita. Mvua ilitupiga tangu tulipotoka, nilikuwa nimelowa, nimeshindwa, na mahindi yale yalinukia mpaka masikioni. Tulipoanza kuona taa za mji yalikuwa matano.

Kesho yake asubuhi nilimpata Chebet mferejini nikampa mfuko. Aliingiza mkono akagusa moja moja. "Kogo hupika sita," alisema. "Sisi kwetu tuko sita."

"Yalikuwa matano."

Alinitazama kidogo, akabeba mfuko akaenda. Kupitia mlango wao uliokuwa wazi niliona akigawa: kaka mkubwa, kaka wa pili, dada, pacha mmoja, pacha wa pili. Kisha akatoka na mikono mitupu, akachukua ndoo yake akaendelea kuteka maji. Mimi nilikuwa bado nimesimama pale pale. Tulisimama pamoja, ndoo ikijaa, na hakuna aliyekuwa na pa kwenda kwa sababu mfereji ulikuwa mmoja.

Nilimwambia mama habari ya hindi. Habari ya sikio hatukuigusa, hiyo aliijua. Hakunichapa, na hilo lilinitisha zaidi. Alichemsha mahindi, sufuria nzima iliyojaa mpaka mfuniko ukakataa, akanituma mlango wa pili. Sufuria ya jirani hairudi tupu, kwa hivyo jioni Mama Chebet aliirudisha na maziwa. Mama akaona maziwa yamejaa kupita mahindi yake, akairudisha na maharagwe ya nazi aliyofundishwa na mtu wa Mombasa kiwandani. Ikarudi na kuku nusu. Ilikwenda na kurudi mpaka Krismasi, wanawake wawili wakishindana kwa sufuria moja, na mimi na Chebet ndio tulioibeba, kila mmoja upande wake. Baadaye baba yake alijenga Soy, wakahama. Kitu cha kumwambia nilikuwa nacho njia yote ya ile sufuria. Sikukisema. Nilikuwa nikianza, tunafika mlangoni.

Binti yangu Neema sasa yuko kwenye timu ya likizo. Ana miwani ya majini, kofia ya mpira, lane yake yenye namba, yaani njia iliyotengwa kwa kamba, na mkufunzi ambaye hulowa. Maji yamepashwa moto. Saa inahesabu mpaka vipande vya sekunde, na mzazi akibisha nani amegusa ukuta kwanza, anaonyeshwa video. Cheti cha kuzaliwa kinatumwa kwa simu. Ni vizuri. Ningependa kusema wazazi wametulia, lakini Jumamosi nimeona baba wa watu, mtu wa heshima, akimzomea msichana wa miaka minane kwa kupiga miguu vibaya, naye mwenyewe ameshika soseji.

Neema amezidi umri wa kundi lake kwa siku nne. Mkufunzi aliniambia kwa upole, "Mama Neema, siku nne ni nini? Andika tu, hakuna atakayeuliza." Nilimpigia mama simu nikamweleza. Alicheka mpaka akakohoa. "Siku nne! Mimi nilikuwa natoa mwaka." Halafu akauliza kama kule Soy kumenyesha.

Nilizunguka maegesho mara mbili. Niliandika tarehe kama ilivyo. Neema aliogelea na wakubwa, akawa wa sita, na hakuniongelesha mpaka tulipotoka langoni, aliponiambia tu nani ameshinda. Huko nje magari yalikuwa yamejipanga, kila mtoto anaingia la kwao, milango inafungwa, vioo vinapanda. Hakuna aliyempungia mwingine. Sisi tulinyang'anyana, ndiyo, wazazi wetu walitufundisha kunyang'anya tukiwa bado na meno ya maziwa, lakini uliyemnyang'anya ulikutana naye mferejini asubuhi, na ulilijua jina lake, la mama yake, na idadi ya watoto kwao.

Tulipofika barabarani nilimuuliza Neema yule msichana aliyeshinda anaitwa nani.

Alikuwa ameshaweka visikizio masikioni. Alitoa kimoja.

"Si nimekwambia, mum. Lane four."